Mtoto Aulizaye: Kazi ya Wazazi na Walimu katika Kuwasha Shauku na Kunoa Akili



Habari niliyochagua kuizungumza jioni hii si ngeni. Ni habari ya watoto wetu, lakini ni juu ya mambo mawili yasiyotajwa mara nyingi kama ada, sare na mitihani. La kwanza ni shauku, yaani ule moto wa moyoni unaomfanya mtoto apende jambo moja kupita mengine na kulifuata bila kusukumwa. La pili ni upambanuzi, yaani ile nguvu ya akili ya kupima neno kabla ya kulikubali, na kutenga lililo kweli na lililo uvumi tu. Nakusudia kuonyesha kwamba mambo haya mawili hayaanguki toka mbinguni kama mvua, wala hayauzwi dukani. Mtoto huzaliwa na mbegu zake, na mbegu hizo huota au hufa mikononi mwa watu wa namna mbili: wazazi wake na walimu wake.

Wahenga walinena kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wengi wetu hulishika neno hili kwa upande wa adabu tu. Tukimwona mtoto anaamkia wakubwa, anatumwa akaenda, na hasemi mbele ya wageni, twasema amelelewa. Maneno hayo ni kweli, nami sitaki kuyapunguza. Lakini malezi hayaishii kwenye ulimi na mikono. Macho nayo hulelewa, yakazoea kutazama au yakazoea kupita tu. Masikio hulelewa. Na ulimi wa kuuliza hulelewa vile vile, ukanolewa au ukafanywa butu.

Tuanze na swali dogo ambalo mtoto yeyote wa pwani yetu aweza kuliuliza. Aona wavuvi wa dagaa wakiondoka na taa zao usiku wa giza, na ziwa likang'aa mbali kama mji wenye taa nyingi. Kisha aona kwamba mbalamwezi ikiwa kubwa vyombo vimelala pwani na nyavu zimeanikwa. Amwendea baba yake, amwuliza, "Baba, kwa nini watu hukaa nyumbani wakati wa nuru, wakaenda kazini wakati wa giza?"

Majibu ni matatu. La kwanza ni, "Ndivyo ilivyo, nenda ukalale." La pili ni kumweleza kwamba viumbe vidogo sana vya majini hukusanyika penye nuru ya taa, na dagaa huvifuata ili kula, lakini mwezi ukiangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina tena nguvu ya kuwakusanya mahali pamoja. Jibu hili halimalizi hata kikombe kimoja cha chai. La tatu ni, "Mwanangu, sijui, kesho twende tukamwulize mvuvi." Jibu la kwanza hufunga mlango. La pili huufungua. Na la tatu, ambalo wazazi wengi huliogopa kwa kudhani litawavunjia heshima, huufungua zaidi, maana humfundisha mtoto kwamba kutojua si aibu, na kwamba dawa yake ni kutafuta.

Sasa nitoe mfano wa kweli, nao hauko mbali nasi. Kaskazini ya Kigoma, safari si ndefu kwa mashua, iko Gombe. Tarehe 14 Julai mwaka wa 1960 alishuka pwani pale msichana wa Kiingereza, Jane Goodall, umri wake miaka ishirini na sita, naye hakuwa na digrii ya chuo chochote. Alikuja kuwatazama sokwe. Kabla ya mwaka ule kwisha alikuwa amemwona sokwe akitia ubua wa jani katika kichuguu na kuvutia mchwa, tena akipukuchua majani ya kijiti ili kifae kwa kazi ile. Zamani zile wataalamu walisema kwamba mwanadamu peke yake ndiye afanyaye zana. Jambo lile la Gombe liliwalazimisha kulifikiri upya neno hilo. Bibi huyu alifariki tarehe 1 Oktoba 2025, hali amejulikana dunia nzima, na jina la Kigoma limejulikana pamoja naye.

Watu wengi husimulia habari hii wakaanza na mwaka wa 1960. Mimi nawaomba mrudi nyuma zaidi, hata siku alipokuwa mtoto wa miaka kama minne na nusu huko Uingereza. Aliwauliza wakubwa yai hutoka wapi katika mwili wa kuku, asipate jibu la kumtosha. Basi aliingia katika banda la kuku, akajificha ndani ya majani makavu, akakaa kimya muda wa saa nne hivi, mpaka akaona kwa macho yake kuku akitaga. Nyumbani walikuwa wamehangaika. Walimtafuta kila mahali, na habari ilikwisha kupelekwa kwa polisi. Jioni akatokea anakimbia, majani yamemjaa nywele. Wazazi walio wengi, huku na huko, wangalianza na kofi au makaripio. Mama yake, Vanne, aliyaona macho ya mtoto yaking'aa, akaketi naye, akasikiliza hadithi yote ya yai toka mwanzo hata mwisho.

Wasikilizaji wangu, yatazameni vizuri mambo yaliyomo katika kisa hiki kidogo. Mna swali, mna jibu lisilotosha, mna uamuzi wa kwenda kujionea, mna subira ya saa nyingi, na mwisho mna ushahidi wa macho. Hiyo ndiyo kazi yote ya mtaalamu, nayo ilikuwa imefanywa na mtoto asiyejua bado kusoma. Kama jioni ile angalipigwa, huenda angalijifunza somo jingine: kwamba kutafuta ukweli huleta maumivu. Mama hakumpa mtoto akili, kwa kuwa akili alikuwa nayo; alichompa ni ruhusa ya kuitumia. Na ruhusa ile haikuwa ya siku moja. Serikali ya wakati ule ilipokataa msichana akae Gombe peke yake, mama huyo huyo alifunga safari, akaja kukaa naye miezi ya kwanza katika hema kando ya ziwa, akiwagawia wavuvi dawa za maradhi madogo madogo.

Najua mtu atasema, "Hayo ni mambo ya Wazungu wenye nafasi. Sisi twatafuta chakula cha leo." Jibu langu la kwanza ni kwamba nyumba ile haikuwa na mali nyingi. Binti hakupelekwa chuo kikuu; alijifunza kazi ya ukarani, akatumikia watu katika hoteli akiweka akiba ya nauli ya kuja Kenya mwaka wa 1957. Jibu langu la pili ni kubwa zaidi, nalo latoka kwetu wenyewe.

Kazi ya Gombe haikufanywa na mtu mmoja. Wanaume wa vijiji vya ziwani waliajiriwa kwanza kubeba mizigo na kuonyesha njia, kisha wakafundishwa kuwafuata sokwe toka alfajiri hata jioni na kuandika kila walichokiona. Januari 1974 mmoja wao, Hilali Matama, aliona kundi la sokwe likimshambulia mwenzao wa kundi jingine na kumpiga vibaya sana. Huo ulikuwa mwanzo wa vita vya sokwe vilivyoendelea miaka minne, jambo ambalo watu hawakulijua kabla yake. Mei 1975 watu wenye silaha walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni, na wageni wengine wakaondoka. Kazi ile ingalikufa, lakini haikufa, kwa sababu Watanzania wale waliendelea kupanda milima kila siku na kuandika, tena kwa Kiswahili. Kumbukumbu za miaka mingi, ambazo vyuo vikuu vya ng'ambo huzitegemea, zimeandikwa na mikono ya watu wa pwani hii, wala wengi wao hawakusoma kupita shule ya msingi. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba kutazama kwa makini na kupima ushahidi ni tabia ya taifa fulani. Ni tabia ya mtu yeyote aliyefundishwa na akaaminiwa.

Nimekwisha kusema ya wazazi. Sasa nigeukie shule. Sitaki nionekane kama mtu anayedharau kukariri. Ujiji ni mji wa madrasa toka zamani, na mtoto aliyehifadhi sura nyingi za Kurani amejifunza subira, usikivu na kuheshimu neno lililoandikwa. Hali kadhalika mtoto asiyejua kwa moyo hesabu za kuzidisha atapata taabu siku zote. Kuhifadhi ni kama kutia akiba ghalani. Ila ghala si karamu. Katika elimu ya dini yenyewe, mwanafunzi akisha kuhifadhi hupelekwa mbele kwa mwalimu wa kufasiri, ajue maana, ajue wanazuoni walihitilafiana wapi na kwa hoja gani. Shule nyingi zetu huishia ghalani. Mtoto hujaza, hufunga mlango, huandika mtihani, na baada ya mtihani hufagia kila kitu nje.

Ubaya wa desturi hii ulionekana wazi katika kisa cha kijana wa nchi yetu, Erasto Mpemba. Mwaka wa 1963 alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, karibu na Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: huchemsha maziwa, hutia sukari, huyaacha yapoe, kisha huyatia katika jokofu la kugandisha. Siku moja nafasi ilikuwa chache. Mpemba, kwa kuogopa kukosa mahali, akatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu akakuta yake yameganda, na ya mwenziwe yaliyotiwa baridi bado ni maji mazito. Alimwuliza mwalimu wake, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, alipokuwa Mkwawa huko Iringa, aliuliza tena. Mwalimu wa huko akamjibu kwa dhihaka kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba mwenyewe, si fizikia ya walimwengu. Toka hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilimcheka kwa maneno ya namna ile ile.

Kijana hakukata tamaa, wala hakugombana. Alichukua vyombo viwili, akajaribu mwenyewe. Hata siku moja akaja mgeni, Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, kutoa hotuba. Mpemba akasimama akauliza swali lake mbele ya watu wote, na wenziwe wakacheka. Mgeni hakucheka. Alisema hajui, ila atajaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara apime. Fundi akaleta habari kwamba kweli maji ya moto yaliganda mbele, akaongeza kwamba ataendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Tafadhalini lipimeni neno hilo la fundi. Jicho lake limeona, lakini moyo wake bado wangoja jibu la kitabu. Mwaka wa 1969 Mpemba na Osborne walichapisha habari ile pamoja, na jambo lile likapewa jina la yule kijana dunia nzima.

Yapasa niongeze jambo moja ili nisiwadanganye. Hata leo wataalamu hawajakubaliana juu ya jambo hilo. Mwaka wa 2016 watu wawili huko Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa wasilione. Huenda ikawa linatokea katika hali fulani tu, au huenda vipimo vya kwanza vilikuwa na kasoro. Lakini hilo halimpunguzii Mpemba heshima yake hata kidogo. Heshima yake ni kwamba aliona, akauliza, akajaribu. Na kosa la waliomcheka halikuwa kutokubali. Mwalimu ana haki ya kutokubali. Kosa lao lilikuwa kukataa bila ya kupima, hali jokofu lilikuwa pale pale.

Wala si kwamba nchi haikuambiwa. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Humo alitaka shule zikuze kwa kila raia akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine na kuchagua lipi la kukubali na lipi la kukataa, na kujiamini kama mtu huru aliye sawa na wenziwe. Watu wengi wa zamani hukumbuka majembe na mashamba ya shule, wakasahau kwamba akili ya kudadisi ilitajwa mle mle. Jembe lilionekana kwa macho, na kwa hiyo lilikaguliwa. Akili ya kudadisi haionekani kwa mkaguzi apitaye mara moja, basi ikaachwa.

Labda mwalimu wa hapa atasema, "Sina maabara, na watoto ni wengi." Nami namjibu kwamba amewekwa mahali pa tajiri. Awachukue watoto wake mpaka kwenye kumbukumbu ya Livingstone hapo Ujiji. Kila mtoto wa Ujiji ameambiwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka wa 1871. Mwalimu aulize, "Ilikuwa tarehe gani?" Kitabu cha Stanley chasema 10 Novemba. Daftari ya Livingstone yaelekea siku za mwisho za Oktoba. Wazee wawili waliokutana uso kwa uso hawakubaliani siku, kwa sababu homa na safari ndefu ziliwapotezea hesabu. Mwalimu aulize tena, "Maneno yale mashuhuri ya salamu, tumeyajuaje?" Twayajua kwa Stanley mwenyewe, nazo karatasi za daftari yake ya safari zinazohusu mkutano huo zimechanwa, hazipo. Je, alisema, au alitunga baadaye? Na miembe iliyopo leo, je, ndiyo ile? Husemwa kwamba ni wana wa mwembe wa zamani, si mwembe wenyewe. Tazama, kwa maswali matatu mtoto amejifunza kazi ya mwandishi wa historia: nani asema, alikuwapo au hakuwapo, na mwingine asemaje.

Kisha lipo swali la nne, ambalo naona ni zuri kupita yote, na mtoto mwerevu hulitoa mwenyewe bila kuongozwa. Wasafiri wa zamani waliandika Ujiji kuwa mji ulio ukingoni mwa maji. Mbona leo mtu akisimama penye kumbukumbu ile ni lazima atembee mwendo ndipo alifikie ziwa? Je, wasafiri walisema uongo? La. Ziwa ndilo lililoondoka. Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo. Cameron aliukuta mwaka wa 1874 umezibwa na matete na majani, na Stanley aliporudi mwaka wa 1876 aliona maji yanapanda. Yapata mwaka wa 1878 kizuizi kile kilivunjika, maji yakashuka kwa miaka mingi, zaidi ya futi thelathini. Edward Hore, baharia wa misheni ya London aliyefika Ujiji mwaka wa 1878, alipima na kuandika kushuka huko. Halafu mtoto akumbushwe miaka ya 2020 na 2021, maji yalipopanda tena yakaingia katika nyumba na bandari za pwani. Hapo atafahamu kwamba ziwa hili, lenye urefu wa maili 420 na kina cha karibu futi 4,800, si picha ya ukutani. Ni kitu chenye historia, na yeye ni shahidi wake mmoja. Kijiti kilichotiwa alama na kusimamishwa majini chatosha kuwa maabara ya mwaka mzima.

Sasa nifikie jambo linalotugusa tumboni, maana huko ndiko upambanuzi hujaribiwa. Mwaka wa 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, toka 15 Mei hata 15 Agosti, kwa mapatano ya nchi zinazolizunguka. Katika kila nyumba ya mvuvi ulizuka mjadala. Wengine walisema, "Samaki wamepungua, tuwaache wazae." Wengine walisema, "Samaki ni riziki ya Mungu, hawaishi. Na watoto watakula nini?" Watoto walikuwa wamekaa pale pale wanasikiliza. Nauliza: walijifunza nini kwetu?

Katika nyumba moja walijifunza kwamba anayepaza sauti zaidi ndiye mwenye haki. Katika nyingine walijifunza kwamba neno la serikali halifikiriwi, hutiiwa tu au hulaaniwa tu. Lakini huenda ikawapo nyumba ambamo baba alisema hivi: "Sheria tutaitii. Ila natufikiri. Dagaa hukua upesi na huzaa upesi. Migebuka huchukua muda zaidi. Babu yenu alivua kwa nyavu gani, nasi twavua kwa nyavu gani? Vyombo vilikuwa vingapi pwani hii, na leo ni vingapi? Ziwa likifunguliwa, tuangalie wiki za kwanza ukubwa wa samaki, tusidanganywe na wingi wao tu. Na haja yetu ya chakula katika miezi mitatu ni haja ya kweli, nayo yapasa isemwe mkutanoni kwa hoja." Mtoto aliyesikia maneno ya namna hiyo amepata somo ambalo shule haiwezi kumpa. Amefahamu kwamba mtu aweza kutii na kufikiri pamoja. Kwamba haja ya mtu na ukweli wa jambo ni vitu viwili, navyo vyote vina haki ya kusikilizwa. Samaki wengi wa ziwa letu hawapatikani mahali pengine popote duniani. Wakiharibika hakuna pa kwenda kuwaazima. Watakaoamua mambo yao baada ya miaka ishirini ni hao hao watoto tuwaambiao leo wanyamaze.

Hapa sina budi kukabili wasiwasi wa wazee wangu, maana ni wasiwasi wenye haki. Husemwa, "Mtoto akizoezwa kuuliza atakuwa mbishi, ataturukia kwa maneno." Basi tutenge ubishi na upambanuzi. Mbishi hutaka kushinda. Mpambanuzi hutaka kujua. Mbishi hupima maneno ya wenziwe, yake hayapimi. Mpambanuzi huanza na yake mwenyewe. Mbishi hawezi kusema "sijui", wala "sasa nimeelewa". Mpambanuzi husema yote mawili bila taabu. Tena adabu si adui wa swali. Mtoto aliyesema "Shikamoo, babu," akaketi chini, akangoja zamu yake, kisha akauliza, amemheshimu babu yake kupita yule anyamazaye na kusengenya nje. Mpemba alisimama kwa adabu. Ilikuwa ni kicheko cha wenziwe kilichokosa adabu.

Ningependa kutoa mashauri machache, mepesi, yasiyotaka fedha.

Kwenu wazazi: chunguzeni mtoto wenu hupenda nini kabla ya kumchagulia. Yupo apendaye samaki, yupo apendaye injini za mashua, yupo apendaye nyota, yupo apendaye kuhesabu mali ya duka. Msiseme, "Hilo halina kazi ya ofisini." Ofisi ni chache, na shauku moja iliyofuatwa kwa bidii huzaa elimu nyingine nyingi. Mpenda injini apelekwe bandarini Kigoma asimuliwe habari ya meli ya Liemba: jinsi ilivyojengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka wa 1913, ikavunjwa vipande vipande, ikaletwa kwa reli, jinsi Wajerumani walivyoizamisha mwaka wa 1916 baada ya kuipaka mashine zake mafuta zisile kutu, na jinsi ilivyoopolewa mwaka wa 1924, ikarudi kazini mwaka wa 1927. Katika hadithi hiyo moja mna hesabu, jiografia, vita na ufundi. Mabinti nao wasisahauliwe. Swali la msichana halina bei ndogo kuliko la nduguye, na yule mtoto wa banda la kuku alikuwa binti.

Kwenu walimu: kila juma litengeni swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni, watoto wakalitafute kwa kutazama na kupima. Mtoto akitoa jibu, msiseme tu "sawa" au "kosa", mwulizeni, "Umejuaje?" Neno hilo moja, likisemwa kila siku kwa upole, lafanya kazi kubwa kuliko fimbo. Na mwanafunzi akileta jambo la ajabu, msicheke, wala msiwaache wengine wamcheke. Pimeni.

Kwa wote: wazazi na walimu wasivute kamba pande mbili. Haifai shule ifundishe kuuliza na nyumba ifundishe kunyamaza, wala nyumba iwashe moto na shule iumwagie maji. Mzazi aende shuleni si siku ya michango tu. Aulize mtoto wake ameuliza nini mwaka huu, si amepata namba ngapi tu.

Nimemaliza, Mabibi na Mabwana. Usiku huu, kama hakuna mbalamwezi, taa za wavuvi zitaonekana mbali ziwani. Mkiwa na mtoto kando yenu, naye akiuliza neno lolote juu ya taa hizo, nawaomba mpeni dakika tano. Kuuliza si ujinga. Na kumjibu mtoto, au kukiri kwamba hatujui tukatafute pamoja, ni urithi ambao maskini na tajiri waweza kuwaachia watoto wao sawasawa.

Nawatakia usiku mwema. Kwaherini.